Tumlipe fundi kwa kutafuta tatizo, si kwa kubadilisha balbu

Mwenye gari akiingia gereji na taa isiyowaka, swali lake la kwanza mara nyingi ni bei ya balbu. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, na swali hilo nalisikia kwa dereva wa lori la mchanga, kwa mwenye daladala, kwa watu wa utalii na kwa mtumishi mwenye gari dogo la kwendea kazini. Nasema bila kusita kwamba ni swali baya la kuanzia. Linamgeuza fundi kuwa muuza vipuri, linamfanya mwenye gari alipe mara kadhaa kwa tatizo lile lile, na linarudisha barabarani magari ambayo taa zake zinawaka gereji mchana na kuzima njiani usiku.

Ninachodai ni hiki: kutafuta chanzo cha tatizo la umeme ni kazi kamili, yenye ujuzi wake na vifaa vyake, na inastahili kulipwa kwa bei yake hata kama mwishoni hakuna kipuri hata kimoja kilichonunuliwa. Mpaka tutakapokubali kuilipia, tutaendelea kupata taa za "ili mradi ziwake".

Mfano ninaoutumia kila ninapobishana na wateja juu ya jambo hili ni kampa moja ya zamani, gari la kulalia la Kijerumani la miaka ya 1980. Magari ya namna hii hupita sana mjini kwetu. Wasafiri huyaleta kutoka Ulaya wakishuka nayo hadi Cape Town, na wengine safari ikiwaishia huku huyauza. Kampa hii ilinunuliwa na mwalimu mstaafu, mzee wa hapa hapa, aliyetaka kuizunguka nchi na mkewe baada ya kufundisha jiografia maisha yake yote bila kuiona nchi yenyewe.

Mzee alifika asubuhi na mfuko wa khaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na balbu za breki, swichi ya breki, flasha ya indiketa na kishikio kizima cha taa ya nyuma. Vyote vilikuwa vimetolewa kwenye gari na kuwekewa vipya, katika gereji tofauti, na taa bado zilikuwa mbovu. Nilivichukua kimoja kimoja nikavijaribu mezani kwa betri. Vyote vilikuwa vizima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hizi taa zimenishinda."

"Zilianza lini kusumbua?"

"Tuliporudi kutoka Pangani."

"Na kabla ya kwenda Pangani, gari lilifanyiwa nini?"

Akafikiri kidogo. "Nililipaka rangi chesisi yote. Waliniambia litakuwa salama na kutu."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko mfuko mzima wa vipuri, na katika gereji zote alizopitia hakuna aliyemuuliza. Kwa fundi umeme, historia ya gari ni nusu ya kazi. Taa haiharibiki tu. Kuna kitu kilichofunguliwa kikafungwa vibaya, au maji yameingia mahali, au waya umesuguana na chuma kwa muda mrefu, au mtu ameongeza redio, friji, taa za ziada. Mwenye gari anajua mambo haya, ila hajui kwamba yana uhusiano na taa zake. Kazi ya fundi ni kumuuliza.

Sasa angalieni dalili zenyewe, kwa sababu zinasema mengi. Mzee alipokanyaga breki peke yake, taa za breki ziliwaka, ingawa kwa ufifi. Alipowasha taa ndogo kisha akakanyaga breki, mwanga ulishuka wote. Alipoongeza indiketa ya kulia, taa zote za nyuma zilianza kupepesa pamoja, na indiketa ya kushoto nayo ikawa inawaka kwa mbali. Dereva akiona hivi hudhani kuna shoti, nyaya zimegusana. Fundi mwenye haraka hudhani flasha imekufa. Lakini taa zinazofanya kazi zikiwa peke yake na kuvurugana zikiwa pamoja karibu kila mara zinalilia kitu kimoja, nacho ni ethi.

Umeme wa betri haufiki kwenye balbu ukaishia hapo. Unatoka upande wa chanya, unapita kwenye fyuzi, swichi na waya hadi kwenye balbu, halafu ni lazima urudi upande wa hasi wa betri. Njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi. Katika magari mengi, chuma cha bodi na chesisi ndicho njia yenyewe. Sasa balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani yake, ya wati 5 kwa taa ndogo na ya wati 21 kwa breki, na zote mbili zinatumia njia moja ya kurudi. Njia hiyo ikiziba, umeme hautulii. Unatafuta upenyo mwingine: unarudi nyuma kupitia uzi wa pili, unapita kwenye taa ya jirani, unavuka hadi upande wa pili wa gari ukitafuta chuma. Ndiyo maana indiketa ya kushoto ya mzee ilikuwa inawaka wakati ameashiria kulia.

Kampa hii ina ugumu wake wa ziada. Nyuma ya kabini ya dereva hakuna bodi ya chuma kama ya basi. Kuna fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bati jembamba la alumini au kwa faiba. Mbao na faiba hazipitishi umeme, kwa hiyo kila taa ya nyuma ina waya wake wa kurudia, wa rangi ya kahawia kwa magari ya Kijerumani, na nyaya hizo hukusanywa na kufungwa kwa bolti moja kwenye chesisi. Bolti moja inabeba taa zote za nyuma. Ikiharibika hiyo, hakuna balbu duniani itakayosaidia.

Kabla ya kulala chini ya gari nilipima. Mita niliiwekea waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye ethi ya kishikio cha taa ya nyuma, taa ndogo zikiwa zimewashwa, nikamwomba mzee akanyage breki na kuishikilia. Sehemu hizo mbili zinatakiwa ziwe kama kitu kimoja, kwa hiyo mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Mimi hukubali hadi sehemu mbili za kumi za volti. Pale ilisoma zaidi ya volti nne. Theluthi ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea kwenye njia ya kurudi, na balbu zilikuwa zinagawana mabaki.

Bolti ilikuwa nyuma ya gurudumu la nyuma. Waliopaka rangi walikuwa wameifungua, wakapaka, kisha wakaifunga juu ya rangi. Ilishika kwa ncha chache tu za uzi wake, na hewa ya chumvi ya Pangani ikamalizia kazi: nyaya zilikuwa na ukungu wa kijani wa kutu ya shaba hadi ndani ya plastiki yake. Nilikata sehemu iliyooza mpaka nikafikia shaba nyekundu safi, nikabana vichwa vipya, nikasugua chesisi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga kwa washa yenye meno, nikapaka grisi juu ili maji yasiingie. Mita ikasoma karibu na sifuri. Mzee akakanyaga breki, akawasha taa ndogo, akaweka indiketa, na kila taa ikafanya kazi yake bila kuigusa nyingine.

Vifaa vyote vilivyotumika havikufikia bei ya kishikio kimoja kati ya vile vilivyokuwa mfukoni. Kilichokuwa na gharama ni saa za kuuliza, kupima na kufikiri, na hizo ndizo saa ambazo wateja wengi hawataki kuzilipia.

Kazi ya siku ile haikuishia hapo. Nilipofuata nyaya kuelekea mbele nilikuta waya mwekundu ulioungwa moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi nyuma, bila fyuzi, umepitishwa chini ya sakafu ya mbao na kufungwa kwa kamba ya plastiki. Mmoja wa waliotangulia, alipoona balbu hazimsaidii, aliamua kupeleka umeme wake mwenyewe. Ndani ya gari, kwenye sanduku la fyuzi, nilikuta fyuzi nyeupe ya kauri ya ampea 8 iliyoungua na kuzungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nyuma ya kabati la jikoni, jirani na bomba la gesi, kulikuwa na waya mwembamba wa spika unaolisha friji ya volti 12. Plastiki yake ilikuwa imelainika na kushikamana na mbao.

Watu wawili walikuwa wanalala juu ya waya ule.

Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Wengi wanaamini fyuzi imewekwa kulinda taa. Fyuzi imewekwa kulinda waya. Betri moja ya kawaida ya gari, waya wake wa chanya ukigusa chuma, inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba hauwezi kubeba kiasi hicho: unakuwa mwekundu, plastiki inawaka, na kilicho karibu nao kinawaka. Fyuzi ya ampea 8 ipo ili ife kabla ya hapo. Ikiungua, imefanya kazi yake, na inatuambia kuna mahali pa kutafuta. Ukiizungushia karatasi ya sigara, au ukiweka ya ampea 30 mahali pa 8 kwa kuwa "hii haikatikikatiki", umeunyima waya ulinzi wake wa pekee. Katika gari la kawaida hilo ni hatari. Katika gari lenye vitanda, mapazia, magodoro na mtungi wa gesi, ni hatari ambayo hakuna fundi mwenye dhamiri anayepaswa kuiacha iondoke gereji.

Njia ya kutafuta tatizo la taa si siri, na mwenye gari akiijua atatambua haraka kama fundi wake anatafuta au anabahatisha. Baada ya maswali, huanza betri yenyewe. Iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka, mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki chini, altaneta haichaji, na taa hafifu ni matokeo tu. Ikizidi sana, kinachodhibiti chaji kimeharibika na balbu zitaendelea kuungua kila zinapobadilishwa, haidhuru ni za bei gani.

Kinachofuata ni kuangalia taa zipi zimekosa umeme kwa pamoja. Taa moja ikizima na nyingine zote zikawaka, tazama balbu, kishikio chake na waya wake wa mwisho. Taa ndogo za upande mmoja zikizima mbele na nyuma, nenda kwenye fyuzi, maana magari mengi ya Kijerumani yana fyuzi moja ya taa ndogo za kushoto na nyingine ya kulia. Taa za nyuma zote zikivurugika, fikiria ethi, au plagi kubwa inayounganisha nyaya za mbele na za nyuma. Taa za ndani ya kampa zikififia kila pampu ya maji inapoanza, acha taa ufuate betri ya pili, ile ya matumizi ya nyumbani, na viungo vyake. Katika hatua hii yote hakuna kitu kilichofunguliwa wala kununuliwa.

Kisha ndipo tunapima, na ni lazima tupime taa ikiwa kazini. Jambo hili huwapoteza hata mafundi wa siku nyingi. Mita ya kisasa huhitaji umeme kidogo mno ili isome. Waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja mwembamba wa shaba bado utaionyesha mita volti 12 kamili. Ukiweka balbu ya wati 21 kwenye waya huo huo, haiwaki, kwa sababu uzi mmoja hauwezi kupitisha karibu ampea 2 zinazotakiwa. Fundi anaona volti 12 kwenye kishikio, anaona balbu haiwaki, anahitimisha kwamba balbu ni mbovu. Hapo ndipo mfuko wa khaki unapoanza kujaa. Dawa yake ni rahisi: chukua balbu ya wati 21 na kishikio chake, iunge nyaya mbili zenye vibanio, uwe nayo mfukoni. Ukiishika kati ya waya unaoushuku na hasi ya betri, na ikawaka kwa nguvu, upande wa chanya ni mzima. Ukiishika kati ya chanya ya betri na ethi unayoishuku, na ikafifia, umepata adui yako. Kila kijana anayeingia gereji kwangu hutengeneza yake kabla hajaruhusiwa kugusa gari la mtu.

Nimeongea juu ya kampa kwa sababu ndani yake kila kosa linaonekana wazi, lakini nafikiria zaidi magari yanayotubeba sisi wenyewe. Malori yetu mengi na baadhi ya mabasi yana bodi zilizoundwa hapa nchini juu ya chesisi iliyoagizwa, na taa za nyuma hufungwa na mchomeleaji, ambaye hutafuta ethi popote penye chuma, mara nyingi juu ya rangi. Magari yanayokaa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hupokea hewa ya chumvi mwaka mzima. Yanayopita barabara za vumbi za mbugani hutikisika mpaka viungo vinalegea. Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria nchini mwetu yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Naunga mkono ruhusa hiyo, kwa kuwa biashara na wagonjwa hawasubiri jua. Lakini saa za giza zimeongezeka kwa madereva, na taa iliyokuwa kero sasa ni suala la uhai. Lori lililoharibika usiku bila taa za nyuma, likiachiwa matawi ya miti barabarani kama tahadhari, limeshakatisha maisha ya wasafiri wengi mno katika nchi hizi zetu.

Ufifi wenyewe ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kwa balbu za kawaida zenye uzi, volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga haupungui kwa asilimia 10. Unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo taa kubwa inayopoteza volti moja na kidogo kwenye swichi iliyochoka au ethi yenye kutu imeshampokonya dereva karibu theluthi ya mwanga wake. Dereva huyo huenda dukani kununua balbu kali zaidi, za wati 100 na 90 mahali pa 60 na 55. Sasa dimu mbili ambazo zilikuwa zinavuta kama ampea 9 zinataka 15, kupitia swichi na nyaya zile zile za zamani. Plagi nyuma ya taa inayeyuka, volti zinashuka zaidi, na anayekuja mbele yake anamulikwa machoni. Ukisafisha ethi na kuweka rilei nzuri yenye fyuzi yake na waya mnene wa kutosha, balbu ya kawaida ya 60 na 55 inatosha barabara zetu.

Najua hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa. Wateja wanasema, "Nikikulipa kutafuta halafu usipate, je?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba fundi anayetafuta kwa utaratibu hata asipomaliza anaweza kukuonyesha alichokithibitisha: betri ni nzima, fyuzi ni nzima, chanya inafika hapa, hapa inakatika. Ramani hiyo ina thamani, maana fundi anayefuata hataanza upya. Anayebahatisha hawezi kukuonyesha chochote isipokuwa risiti. Wengine wanasema gari la zamani halistahili gharama hiyo. Mimi naona kinyume chake. Katika magari mapya, swichi ya taa mara nyingi hutuma ujumbe tu kwa kompyuta ya gari, na bila mashine ya kusoma makosa utasumbuka. Gari la zamani liko wazi: waya unaufuata kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kulitafutia tatizo ni rahisi, na likishatengenezwa vizuri linadumu miaka.

Mafundi wenzangu nao wana hoja yao: "Nikitumia saa tatu kutafuta bolti moja, mteja atanilipa ya bolti." Ni kweli, na nimeyaona. Lakini sisi wenyewe ndio tuliowazoesha. Tunataja bei ya kipuri na kuficha kazi yetu ndani yake, halafu tunashangaa mteja akidhani kazi ni bure. Bei itajwe mapema na kwa uwazi: kutafuta ni kiasi hiki, kutengeneza ni kiasi hiki, vipuri ni kiasi hiki kama vitahitajika. Kwangu nimefanya hivyo, na wateja wengi wanaelewa wakielezwa kabla ya gari kufunguliwa. Wachache huondoka. Baadhi yao hurudi na mifuko ya khaki.

Kuna mambo mengine yanayoweza kufanyika bila fedha nyingi. Vyuo vya ufundi viwape wanafunzi magari yenye makosa ya kweli, ethi iliyofungwa juu ya rangi, waya uliobakiwa na uzi mmoja, fyuzi isiyo ya ukubwa wake, na wapewe alama kwa hatua walizopitia kulipata kosa, hata kabla ya kulirekebisha. Fundi ajifunze pia kutokukariri gari moja. Katika Land Cruiser nyingi za zamani, zile za mfululizo wa 70 na wa 80, taa kubwa hupata chanya kupitia rilei, na swichi hubadilisha fulu na dimu upande wa hasi. Anayedhani magari yote hukata chanya atavuruga taa nzima kwa kuongeza rilei moja mahali pasipo pake.

Na ukaguzi wa taa, popote unapofanyika, upime taa zikiwa pamoja. Kuwasha taa moja, kuizima na kwenda kwenye nyingine kungeifanya kampa ya mzee ifaulu. Injini iwake, taa ndogo ziwake, breki ikanyagwe na indiketa iwekwe kwa wakati mmoja, mkaguzi asimame nyuma ya gari na kuangalia. Ni kazi ya dakika moja, haihitaji mashine, na inafichua ethi mbovu ambayo ukaguzi wa taa moja moja hauwezi kuiona. Dereva anaweza kuifanya leo jioni nyumbani kwake, mtoto akikanyaga breki na yeye akisimama nyuma.

Mkiona taa zinavurugana, mpelekeni fundi gari na historia yake. Mwambieni lilipita wapi, lilifunguliwa nini, lilipakwa nini, liliongezwa nini. Mwulizeni atapima vipi kabla ya kubadilisha chochote, na akimaliza awaonyeshe kosa lilikuwa wapi. Akiwaonyesha, mlipeni kazi ya kichwa chake kama mnavyomlipa ya mikono yake. Akitaka kuruka fyuzi, chukueni ufunguo wa gari muondoke.